MIFUGO NA NYUMBA: Farasi Aingie Ndani Kabla ya Jua Kuchwa

Wasafiri wapitao katika njia kuu ya Nyeri kwenda Nanyuki, wakiisha kuipita Kiganjo na kuikaribia Naro Moru, pengine hustaajabu kuona farasi amesimama katika shamba la ekari chache, kando ya viazi na mahindi, kana kwamba ni ng'ombe wa mwenyeji. Hustaajabu kwa kuwa wamezoea kudhani kwamba farasi ni mnyama wa matajiri na wa mashindano ya Nairobi. Walakini ziko nyumba, ingawa si nyingi, zinazoishi na farasi kama nyingine ziishivyo na ng'ombe wa maziwa. Katika nyumba hizo mnyama huyu ndiye saa ya ukutani: watu huamka kwa ajili yake, hurudi kwa ajili yake, na jioni hakuna jambo litakalotangulia kabla yeye hajafungiwa mlango.

Farasi si mwenyeji wa nchi ya Mlima Kenya. Hata jina lake ni la mgeni, maana Waswahili walilipata kwa Waarabu, na Wakikuyu wakalipokea kwa Waswahili wakalitamka mbarathi. Boma la Nyeri lilianzishwa mwaka 1902, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa mpango wa mwaka 1919, askari Wazungu waliotoka vitani walipewa mashamba pande za Nanyuki. Hao ndio waliozidisha farasi katika nchi hii. Kazi ya kuwatunza ilikuwa mikononi mwa masaisi Waafrika, na kusema kweli elimu ya farasi ilikaa kwao zaidi kuliko kwa mabwana zao. Mwenye farasi alijua kumpanda. Saisi ndiye aliyejua kama mnyama amekula, kama amekunywa, na kama mguu wa nyuma una moto. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 mashamba mengi yaligawanywa na Wazungu wengi wakaenda zao. Masaisi walibaki, na elimu yao wakabaki nayo, ingawa wengi hawakuwa na farasi wa kuitumia kwake.

Iko nyumba moja upande wa Naro Moru ambayo elimu hiyo haikupotea. Babu wa nyumba alikuwa saisi katika miaka ya 1950. Mwanawe, ambaye sasa ndiye mwenye nyumba, alijifunza kwa baba yake kunoa kisu cha kwato kabla hajajifunza kuandika barua. Alipopata fedha kidogo alinunua farasi wawili waliotolewa kazini katika shamba kubwa kwa sababu ya umri: jike mwekundu, na dume wa kijivu aliyehasiwa. Pamoja nao yuko punda mmoja. Watu wa nyumba ni mume na mkewe, nyanya, kijana wa miaka 19 na binti wa miaka 12. Siku za Jumamosi na Jumapili, na penye arusi na sikukuu, kijana huwaongoza farasi mpaka mahali penye watu wengi, huwapandisha watoto na wageni, akawazungusha kwa malipo. Fedha hizo ndizo karo ya binti.

Siku huanza saa 11 alfajiri. Mama awasha moto, na binti aingia bandani akichukua taa na kipimajoto. Farasi mzima huwa na joto la digrii 37.5 mpaka 38.5. Kipimajoto hutiwa katika tundu la nyuma, nacho kimefungwa uzi mrefu wenye kibano, kisije kikapotelea ndani ya mnyama. Jambo hili babu alilifundisha kwa ukali, na haidhuru kulitaja hapa, maana wapo waliolijua baada ya kujuta. Binti huandika tarakimu katika daftari lake la zamani la hesabu: tarehe, jina la mnyama, joto la asubuhi, joto la jioni.

Kisha huja chakula. Mtu aliyezoea ng'ombe hukosea hapa kwa urahisi. Ng'ombe hula, akalala, akacheua. Farasi hacheui, tumbo lake ni dogo kwa kulinganishwa na mwili wake, na tena hawezi kutapika. Akipewa pumba nyingi kwa mara moja hupatwa na msokoto wa tumbo, akajigaragaza chini kwa maumivu, na aweza kufa siku ile ile. Kwa hiyo hupewa kidogo kidogo, mara nyingi, na sehemu kubwa iwe majani makavu. Farasi wa kilo 400 huhitaji kama kilo 8 mpaka 10 za majani makavu kwa siku. Katika nyumba hii hutumiwa majani ya Boma Rhodes yaliyofungwa marobota, nayo hukaguliwa kabla ya kutolewa. Robota lenye ukungu hapewi farasi hata kama limekwisha kulipiwa. Mama ndiye mkaguzi. Huingiza mkono mpaka kati ya robota, hutoa konzi moja, hunusa, na neno lake halina rufani.

Maji ni kazi ya punda. Farasi mmoja hunywa lita 30 mpaka 40 kwa siku, na zaidi penye jua kali, na mto hauko karibu. Punda huchukua mitungi minne ya lita 20, yaani kilo 80 mgongoni, akaenda na kurudi mara mbili, halafu yeye mwenyewe akanywa kidogo tu na kusimama kivulini. Nyanya husema kwamba katika nyumba hiyo yuko mtumishi mmoja na mabwana wawili, na mabwana hawasemi ahsante. Hata hivyo samadi ya wote watatu huenda katika viazi na kabichi zake, naye hajapata kuikataa.

Kwato hutazamwa kila siku, asubuhi na kila wanaporudi safarini. Kijana huinua mguu mmoja mmoja, akatoa mawe na matope kwa chuma chenye ncha iliyopinda, akanusa unyayo. Ukinuka vibaya, umeanza kuoza kwa unyevu, na matandiko ya banda yabadilishwe siku hiyo. Kila baada ya wiki 6 mpaka 8 baba huzipunguza kwato kwa kisu na tupa. Kazi hii haihitaji nguvu kama watu wanavyodhani. Yahitaji utulivu, maana farasi hujua mara moja mkono wenye hasira.

Yote hayo hufanyika katika nyumba nyingi za farasi duniani, huko Uingereza na kwingineko. Jambo liitofautishalo nchi hii ni jioni.

Uko ugonjwa uitwao homa ya farasi ya Afrika. Huletwa na virusi vya aina 9, navyo huchukuliwa na usubi, mdudu mdogo sana kuliko mbu, ambaye mtu hamwoni ila ahisi mwasho. Farasi asiyechanjwa akiupata, katika namna mbaya zaidi ya ugonjwa huu hufa wengi mno, kufikia 95 katika kila 100. Nyumbu, yaani mzao wa punda na farasi ambaye wazee wengine humwita baghala, hufa kama nusu yao. Punda hufa wachache. Punda milia, yeye hata haonekani kuwa mgonjwa.

Hapo ndipo penye shida ya nchi hii, maana upande wa magharibi wa mlima, katika mbuga za Laikipia, punda milia ni wengi. Virusi huweza kukaa katika damu ya punda milia hata siku 40, naye anakula majani kwa raha. Usubi humwuma, kisha humwuma farasi. Mwaka 1987 ugonjwa huu ulizuka nchini Hispania, na ilijulikana kwamba uliingia pamoja na punda milia walioletwa kutoka Namibia kuwekwa katika bustani ya wanyama. Mwaka 2020 ulitokea Thailand, mbali kabisa na Afrika, ukaua farasi zaidi ya 500. Na kabla ya hayo, katika miaka ya 1959 mpaka 1961, ulienea kutoka nchi za Mashariki ya Kati mpaka Pakistani na Bara Hindi, ukaua wanyama wa jamii ya farasi zaidi ya 300,000.

Nguvu hiyo ya punda milia ilimvutia mkulima mmoja wa Nanyuki, Raymond Hook, ambaye habari zake zilienea sana. Alimkutanisha punda milia dume wa aina ya Grevy, wale wakubwa wenye milia myembamba, na farasi majike, akapata wazao wenye milia miguuni na mwili wa farasi. Alitaka wanyama wenye nguvu na wasiougua upesi, watakaobeba mizigo ya wapanda mlima. Kama nyumbu, wazao hao hawazai, kwa hiyo kila mmoja hana budi kuanzishwa upya kwa baba na mama. Mtu mwenye ekari tatu hawezi kufanya hivyo. Kwake yeye dawa ni mbili tu, chanjo na mlango.

Chanjo hutengenezwa hapa hapa Kenya na KEVEVAPI, chombo cha serikali kilichoundwa mwaka 1990. Yapasa farasi achanjwe kila mwaka kabla ya mvua, tena akiisha kuchanjwa apumzishwe majuma kadhaa bila kazi nzito, kwa kuwa ndani ya chanjo vimo virusi vilivyodhoofishwa, na mwili wahitaji nguvu zake zote kuvishinda. Na mlango ni kwa sababu ya tabia ya usubi. Mdudu huyu huruka tangu magharibi mpaka kukipambazuka; hana nguvu za kuruka penye upepo; hupenda kuuma nje kuliko ndani ya nyumba. Basi farasi aliye ndani kabla ya saa 11 jioni, na asiyetolewa mpaka jua limepanda, ameepukana na sehemu kubwa ya hatari. Madirisha hufunikwa wavu. Chandarua cha kawaida matundu yake ni makubwa kwa usubi, hupita. Lakini kikiwa kimetiwa dawa ya kuua wadudu, hupita akafa. Tena samadi isiachwe karibu na banda, wala maji yasituame, maana usubi huzaliwa katika udongo mbichi wenye mavi.

Katika nyumba ya Naro Moru mambo hayo yalijulikana na wote. Yafaa kukumbuka hivyo wakati wa kusoma yaliyofuata, kwa kuwa hayakutokana na ujinga.

Mwaka mmoja mvua za vuli zilinyesha kupita kiasi. Jike mwekundu alikuwa amechanjwa mapema. Dume wa kijivu alikuwa na kidonda cha mgongo wakati huo, na daktari wa mifugo akashauri angojewe apone. Alipopona, ilikuwa mwisho wa Novemba. Baba alihesabu majuma ya mapumziko akaona kwamba farasi atakaa bandani sikukuu ya Krismasi yote, nayo ndiyo siku zinazolipa kuliko miezi mitatu mingine. Karo ya Januari ilikuwa mbele yao. Jike peke yake asingetosha. Mume na mke walizungumza usiku mmoja, wakakubaliana kwamba dume atachanjwa mara tu baada ya mwaka mpya, na kwamba mpaka hapo mlango utafungwa mapema bila kukosa.

Mlango ulifungwa mapema siku zote isipokuwa moja. Siku hiyo ilikuwa ya arusi. Kijana aliwachukua farasi wote wawili, na bwana arusi alichelewa, kama ilivyo desturi ya mabwana arusi. Watu wakamwomba angoje. Wakamwongezea fedha. Kijana akatazama jua, akatazama fedha, akangoja. Walifika nyumbani saa 2 usiku, na njiani walipita bonde lenye maji yaliyotuama, hapana upepo.

Baba alikuwa amesimama langoni na taa.

"Umewapitisha wapi?"

"Bondeni, Baba. Njia ya juu ilikuwa matope."

Baba hakusema neno jingine usiku ule. Mama alipokea fedha, akazihesabu, akaziweka katika mkebe wa majani ya chai, wala hakuna aliyefurahi.

Siku ya 6 asubuhi binti alitoka bandani akikimbia. Kipimajoto cha dume kilionyesha digrii 40.2. Jike alikuwa 38. Dume alikuwa bado anakula, na mtu asiyempima angemtia hatamu akaenda naye kazini. Na huko, kwa kuwa ugonjwa huu humwua upesi farasi anayefanyishwa kazi, angeanguka barabarani. Daktari wa mifugo alifika mchana. Alisema kwamba hakuna dawa ya kuua virusi hivyo, bali yako matunzo: asitembezwe hata hatua moja isiyo ya lazima, apewe maji karibu na mdomo, majani mabichi laini, kivuli na kimya.

Siku ya pili mashimo yaliyo juu ya macho yalijaa, yakavimba mpaka uso wa farasi ukawa kama wa mnyama mwingine. Uvimbe ukashuka shingoni. Wazee wa kazi ya farasi hujua dalili hiyo. Humaanisha kwamba ugonjwa umeshika moyo, nayo ni afadhali kidogo kuliko ule unaoshika mapafu, ambao humzamisha mnyama katika povu lake mwenyewe kwa saa chache. Katika namna ya moyo, kama nusu hupona. Kijana aliposikia neno nusu, alihamia bandani. Alilala juu ya marobota kama baba yake alivyolala utotoni, na kila saa alishika ndoo chini ya mdomo wa farasi. Nyanya alimpelekea uji usiku. Yeye ndiye aliyemwambia kwamba babu yake, pamoja na elimu yake yote, aliwahi kuzika farasi kadhaa katika msimu mmoja wa mvua, tena hawakuwa wake, na kila mmoja ilimbidi aende kumweleza bwana shamba akiwa ameshika kofia mkononi.

"Alipigwa?" kijana aliuliza.

"Hakupigwa. Aliulizwa mlango ulifungwa saa ngapi."

Usiku wa nne farasi wa kijivu alilala chini, na alfajiri hakuamka. Binti aliingia na kipimajoto kama kawaida akamkuta kaka yake ameketi, kichwa cha farasi kiko mapajani mwake. Hakukuwa na kitu cha kupima. Baba alileta majirani, wakachimba shimo refu mbali na kisima, wakatia chokaa. Wapo waliosema kwamba ni hasara kuzika nyama nyingi namna ile, hao hawakujibiwa.

Si haki kumlaumu kijana peke yake. Alingoja muda wa saa tatu. Wazazi wake walingoja muda wa majuma matano. Na wote walingoja kwa ajili ya karo ile ile. Baba mwenyewe alisema hivyo mbele ya mwanawe, jambo ambalo si rahisi kwa mwanamume wa umri wake, na baada ya kusema alichukua kisu cha kwato akaenda kumhudumia jike, ingawa kwato zake hazikuwa zimefikia wakati wa kupunguzwa.

Jike mwekundu aliyepita bonde lile lile usiku ule ule hakuugua hata siku moja.

Karo ya Januari ililipwa nusu, na mwalimu mkuu akakubali nusu ya pili ije Machi. Mama aliuza magunia ya viazi ambayo alikusudia yawe mbegu. Tangu hapo jike hufanya kazi peke yake, na huchanjwa kila mwaka kwa tarehe iliyoandikwa ukutani kwa makaa, wala tarehe hiyo haibadilishwi kwa sababu ya arusi ya mtu yeyote. Kijana amejitengenezea desturi ya kuwaambia watu mapema, kabla hajapokea fedha, kwamba farasi wake huondoka saa 9 mchana. Wengine hukasirika wakamwita mwenye kiburi. Amekwisha kupoteza wateja kwa ajili hiyo, na wengine wamerudi.

Mwaka jana jike alipelekwa kwa dume katika shamba moja la Timau, juu kwenye baridi ambako usubi ni wachache. Farasi huchukua mimba kama miezi 11. Daftari la hesabu limejaa, na binti ameanza la pili. Katika ukurasa wa kwanza ameongeza safu moja ambayo haikuwamo katika lile la kwanza, nayo imejazwa kwa mwandiko mbaya wa kaka yake, kila siku bila kuruka: jioni, digrii 37.9, mlango saa 10:40. Jioni, digrii 38, mlango saa 10:35. Jioni, digrii 37.8, mvua, mlango saa 9:50.